Kuvua trauti kwa nzi bandia kwenye Mto Missouri, Montana: mwongozo kamili wa majira ya machipuko

Mto mkubwa humtisha mvuvi kwa upana wake. Chini ya bwawa la Holter, katika jimbo la Montana nchini Marekani, Missouri ni mpana, maji yake yanapita kimya kimya, na ukisimama ukingoni mwezi wa Machi waweza kukaa saa nzima usione dalili ya samaki. Aliyezoea vijito vya Aberdare au Mlima Kenya, ambako kila shimo nyuma ya jiwe linajieleza lenyewe, hapa hajui aanzie wapi. Aanze na hili: katika majira haya sehemu kubwa ya mto haina samaki anayekula. Maji bado ni baridi, trauti hana nguvu za kupoteza, naye amejibanza kwenye sehemu chache zenye mkondo wa polepole. Kazi ni kuzipata sehemu hizo, kisha kukipeleka chambo, yaani nzi bandia, kwenye kina kinachofaa na kwa mwendo unaofaa. Aina ya chambo ni jambo la mwisho, ingawa wengi ndilo wanaloanza nalo.

Mto wenyewe na kalenda yake

Sehemu inayozungumziwa hapa inaanzia chini ya bwawa la Holter, inapita daraja la Wolf Creek na kijiji cha Craig, hadi mji mdogo wa Cascade. Yote iko kati ya Helena na Great Falls, kando ya barabara kuu ya I-15. Juu ya Holter kuna mabwawa mengine mawili, Hauser na Canyon Ferry. Kwa sababu ya mabwawa hayo maji hutoka yakiwa safi na hayabadiliki ghafla kama ya mto usiozuiwa, ndiyo maana unaweza kuvua hapa mwaka mzima wakati mito jirani ina barafu au tope.

Trauti wa hapa ni wa aina mbili: trauti wa upinde wa mvua, ambao ndio wengi, na trauti wa kahawia. Wote waliletwa na watu. Wa kahawia asili yake ni Ulaya.

Machi maji huwa nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi hivi. Samaki wako chini kabisa, wanakula visubi na wadudu wadogo wa sakafuni. Aprili, maji yakikaribia nyuzi 6 au 7, mdudu aitwaye Baetis huanza kupanda juu na kuruka, na hapo uvuvi hubadilika sura. Mei ni mwezi mzuri kuliko yote hadi theluji ya milimani itakapoanza kuyeyuka kwa wingi. Kuyeyuka huko huonekana kwanza kwenye vijito viwili vinavyomwaga hapa: Little Prickly Pear, unaoingia karibu na daraja la Wolf Creek, na mto Dearborn, chini ya Craig. Vikichafuka, vua juu ya maingilio yake. Kati ya Little Prickly Pear na bwawa maji hubaki safi hata siku ambayo chini ni rangi ya chai ya maziwa.

Kabla ya kushika fimbo

Mgeni asiye mkazi wa Montana anahitaji vitu vitatu: leseni ya uhifadhi, leseni ya kuvua, na pasi ya kuzuia viumbe vamizi vya majini. Mwaka wa leseni huanza tarehe 1 Machi, kwa hiyo leseni ya mwaka jana haikufai. Kanuni za idadi ya samaki wa kuchukua na za ndoana hutolewa upya na idara ya samaki, wanyamapori na mbuga ya jimbo. Soma za mwaka huo.

Sheria ya jimbo ya mwaka 1985 inamruhusu kila mtu kuutumia mto hadi alama ya kawaida ya maji ya juu, hata kama pembeni ni shamba la mtu. Haikuruhusu kukatiza shamba hilo ili kuufikia mto. Ingia kwenye kituo cha umma au darajani, kisha tembea ndani ya ukingo.

Halafu angalia kipimo cha maji. Idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, ina kipimo chini ya bwawa la Holter, na takwimu zake ziko wazi kwenye intaneti kwa futi za ujazo kwa sekunde. Kati ya 3,500 na 5,000 (takriban mita za ujazo 100 hadi 140) mvuvi wa miguu ana nafasi nyingi. Ikipita 6,000, kubali kuvua ukingoni tu. Ikipita 8,000, vua ukiwa kwenye boti au tafuta mto mwingine. Angalia pia mwenendo wa siku tatu. Kiasi kikubwa kisichobadilika si tatizo. Kiasi kinachopanda leo huwavuruga samaki, maana wanahama kutoka sehemu walizozoea, tena huleta majani yanayonasa kwenye kila ndoana.

Vifaa

Fimbo ya futi 9, namba 6 (namba ni ya uzito wa mshipi inaoubeba), ndiyo inayofaa kazi zote. Namba 5 hupendeza siku isiyo na upepo, lakini bonde hili lina upepo, na kutupa boya na chubwi mbili dhidi ya upepo kwa fimbo nyepesi ni mateso ya bega. Mshipi uwe wa kuelea, wenye uzito kichwani. Rili iwe na breki laini. Uzi mwembamba hukatika breki inapokwama kisha ikaachia ghafla.

Uzi wa mbele, ule mwembamba unaounganisha mshipi na chambo, uwe wa futi 9 wenye ncha ya 4X; unatosha kuanzia. Namba hizi za X zina hesabu rahisi: toa namba kutoka 11, utapata unene kwa elfu za inchi. Kwa hiyo 4X ni elfu 7 za inchi, 5X ni 6, 6X ni 5. Beba 3X hadi 6X, florokaboni kwa kuvua chini na nailoni kwa kuvua juu, kwa sababu florokaboni huzama na kumvuta nzi mkavu, yaani nzi bandia anayeelea.

Vyambo si lazima viwe vingi. Kwa kuvua chini: mfano wa mdudu wa sakafuni wa jamii ya kamba, wa kijivu au waridi, namba 14 na 16 (aina ya Ray Charles inafaa), Zebra Midge nyeusi na nyekundu, namba 18, Pheasant Tail namba 16 na 18 kwa ajili ya tunutu wa Baetis. Kwa kuvua juu: Parachute Adams namba 18 na 20, na Griffith's Gnat namba 18. Ongeza Woolly Bugger nyeusi na ya kijani cha zeituni, namba 6. Kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua. Na msomaji wa Kenya ajue kwamba nzi bandia wengi wanaouzwa Marekani na Ulaya hufungwa kwa mkono Kenya. Anayenunua chambo huko Craig huenda ananunua kazi ya fundi wa nyumbani kwao.

Mavazi ni suala la uhai. Suruali ya kuvulia isiyopitisha maji, mkanda uliokazwa kiunoni kila wakati, viatu vya kushika mawe yenye utelezi, na mkongojo. Mkanda ukilegea na ukateleza, suruali hujaa maji, na kusimama tena huwa kazi ngumu. Katika maji ya nyuzi 4 vidole hufa ganzi baada ya dakika chache, nguvu za kuogelea huisha muda si mrefu. Theluji huanguka hapa hata Mei. Weka nguo kavu garini.

Wapi pa kutupa

Tafuta maji yanayotembea kwa mwendo wa mtu anayetembea taratibu, au chini ya hapo, yenye kina cha mita 1 hadi 2.5. Yako sehemu tatu hasa. Ya kwanza ni upande wa ndani wa kona, ambako maji ya kasi hukwepa na kuacha mkondo mpole pembeni. Ya pili ni mstari ambapo maji ya kasi na ya polepole yanakutana. Mstari huo huonekana kwa mapovu yaliyojipanga kama uzi, na popote mapovu yanapopita ndipo chakula kinapopita. Ya tatu ni mahali ambapo maji ya kina kifupi juu ya kokoto yanamwagika kwenye kina: simama chini ya ukingo huo wa kokoto, vua pale rangi ya maji inapogeuka kutoka kahawia kwenda kijani iliyoiva.

Usiingie majini mara moja. Mto ukiwa mkubwa, mtu hudhani samaki wako katikati, anaingia hadi kiunoni, na huku anawafukuza waliokuwa mita mbili kutoka ukingoni. Vua kwanza maji ya karibu ukiwa nchi kavu. Ukishayavua, ingia hatua tatu, vua tena.

Sehemu moja ikikupa samaki, baki hapo. Katika baridi hii trauti hukaa makundi. Alipo mmoja kuna wengine.

Kuvua chini kwa boya

Hii ndiyo njia ya Machi yote, na ya asubuhi zote za Aprili.

1. Funga boya dogo juu ya uzi wa mbele. Umbali kutoka boya hadi chubwi uwe mara moja na nusu ya kina cha maji. Maji ya mita 1.5 yanataka mita 2.2 hivi.

2. Ungia kipande cha 4X cha sentimita 50 kwenye ncha ya uzi. Weka nyuzi mbili sambamba, fanya kitanzi, pitisha ncha zote mara tatu, lowesha kwa mate, kaza. Fundo hilo pia litazuia chubwi isiteleze chini.

3. Weka chubwi juu ya fundo. Mbili za ukubwa wa BB, kila moja gramu 0.4, zinatosha kuanzia.

4. Funga chambo cha kwanza, mfano wa mdudu wa waridi. Kwenye mkunjo wa ndoana yake funga sentimita 40 za 5X, na mwisho wake Zebra Midge au Pheasant Tail.

5. Tupa kuelekea juu ya mto kwa pembe, mita 8 hadi 12, si zaidi. Usirushe mshipi mbele na nyuma mara nyingi. Boya, chubwi na ndoana mbili zitajisokota. Acha mkondo unyooshe mshipi chini yako, kisha urushe juu kwa mkupuo mmoja mpana.

6. Mara boya linapogusa maji, nyanyua tumbo la mshipi kwa ncha ya fimbo na ulilaze upande wa juu wa mto.

Hatua ya sita ndiyo inayotenganisha anayepata na asiyepata. Maji kati yako na boya huenda kasi kuliko maji yaliyobeba boya. Mshipi uliolala juu yake hupinda tumbo, tumbo huvuta boya, boya huvuta chambo, na chambo kinachokimbia kuliko maji ya sakafuni hakifanani na mdudu yeyote hai. Trauti hukiona kikipita na hajisumbui. Angalia mapovu yaliyo kando ya boya: boya likienda sawa na mapovu, au likiwa nyuma yake kidogo tu, uko vizuri, maana maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Likiyapita mapovu, kuna kitu kinalivuta.

Kina hukijua kwa kugusa. Chubwi iguse sakafu mara moja katika kila mitupo mitatu au minne, boya litetemeke kidogo kisha liendelee. Ikinasa kila mtupo, punguza sentimita 20. Mitupo kumi ikipita bila kugusa kitu, ongeza sentimita 30 kwanza. Ukiona bado, ongeza chubwi moja. Usibadilishe chambo kabla ya kufanya haya yote mawili. Mvuvi aliyebadilisha vyambo sita vyote vikipita nusu mita juu ya vichwa vya samaki hajajaribu hata kimoja.

Trauti wa maji baridi hali kwa fujo. Boya halizami kama mtu amelivuta kwa mkono. Husita tu, au huinama upande mmoja. Nyanyua fimbo kwa kila kusita, kwa mkato mfupi kuelekea chini ya mto, ili ndoana iingie kwenye pembe ya mdomo. Mara nyingi litakuwa jiwe. Nyanyua tu.

Saa ya Baetis

Katikati ya Aprili hadi katikati ya Mei, kuanzia saa saba mchana hivi hadi saa kumi, simama na utazame maji. Mdudu mwenyewe ni mdogo kama punje ya mchele, mwili wa kijani cha zeituni, mabawa ya kijivu yamesimama wima kama tanga la ngalawa. Akishatoka kwenye gamba lake hana budi kuelea hadi mabawa yakauke. Jua likiwaka hukauka upesi na kuruka. Siku ya mawingu, mvua ya manyunyu au theluji nyepesi hukaa juu ya maji muda mrefu, wanarundikana, na trauti wanajipanga kwenye mstari wa mapovu kuwaokota. Kwa hiyo siku ambayo mtu mwingine angebaki kitandani ndiyo siku ya kwenda. Upepo mkali tu ndio unaoiharibu.

Kabla ya kutupa, soma namna samaki anavyojitokeza. Pua ikitoka na kuacha povu juu ya maji, anameza mdudu mzima aliye juu: mpe Parachute Adams. Ukiona mgongo na ncha ya mkia bila pua, anakula wale wanaohangaika kutoka kwenye gamba, sentimita moja au mbili chini ya uso wa maji: mfungie Pheasant Tail isiyo na uzito sentimita 25 nyuma ya nzi mkavu. Wengi hupoteza alasiri nzima kwa kumpa nzi mkavu samaki wa aina hii ya pili.

Refusha uzi wa mbele hadi futi 12, ncha ya 5X, au 6X maji yakiwa kama kioo. Jiweke juu ya samaki kwa pembe, mita 9 hadi 12, na utupe kuelekea chini, ili aone nzi kabla ya uzi. Mshipi ukiwa bado hewani, pitisha fimbo upande wa juu wa mto. Utatua ukiwa umekwisha kupinda upande unaofaa. Nzi atue mita moja juu ya samaki, si kichwani pake. Chagua samaki mmoja na umfuate yeye tu. Kutupa katikati ya kundi ukitumaini yeyote kutawatisha wote.

Akimeza, subiri pua irudi majini ndipo unyanyue. Ukinyanyua mara uonapo mdomo, unakitoa chambo kinywani ambacho hakijafungwa.

Chambo cha mfano wa samaki

Njia hii ni ya siku ambayo upepo umeharibu nyingine zote. Mshipi wenye ncha ya kuzama, uzi mfupi wa futi 4 wa 1X, Woolly Bugger. Tupa kukata mto, acha izame, kisha iachie mkondo uiburute polepole kama upinde hadi ining'inie chini yako. Iache hapo ukihesabu hadi kumi. Piga hatua mbili kwenda chini, rudia. Kosa kubwa ni kuvuta haraka; trauti wa maji ya nyuzi 4 hakimbizi kitu.

Mazalia

Machi hadi Mei trauti wa upinde wa mvua wanataga. Jike hulalia ubavu na kupiga kokoto kwa mkia mpaka zing'ae, akachimba kishimo cha ukubwa wa sinia au zaidi, akataga na kufukia. Ukiona duara jeupe kwenye kokoto za rangi nyeusi, maji ya goti au mapaja, hilo ndilo. Mayai hukaa humo wiki kadhaa, hata baada ya samaki kuondoka na duara kuanza kufifia. Hatua moja ya kiatu huyaponda. Usikanyage, na usimvue samaki anayeonekana juu yake hata kama ni mkubwa kiasi gani. Samaki huyo hali, analinda tu, na uchovu wa kupigana humpotezea mayai yake. Kama hujui mahali, tembea nje ya maji, ingia pale tu ambapo sakafu ni ya mawe makubwa.

Kumtoa na kumrudisha

Bana meno ya ndoana kwa koleo kabla hujaanza. Samaki akinasa, inamisha fimbo pembeni, sambamba na maji, umvute kinyume na anakoelekea. Fimbo iliyosimama wima humnyanyua kichwa tu na kurefusha vita. Akikimbia, mwachie uzi. Mkamate kwa wavu wa mpira, mto ukiwa umemzunguka, kwa mikono iliyolowa, kwani mkono mkavu humbandua ute unaomkinga na ukungu. Toa ndoana akiwa ndani ya maji. Usiguse matamvua. Siku ambayo hewa iko chini ya sifuri usimtoe kabisa nje ya maji kwa picha, matamvua huganda. Mshikilie akielekea mkondo hadi aondoke mwenyewe.

Ukiwa kwenye boti ya makasia

Kila mtu awe na jaketi la kuokolea, tena alivae. Mpiga makasia ndiye anayevua hasa: akiiweka boti iende sawa na boya, mshipi hauhitaji kurekebishwa kwa mita hamsini. Nanga isitupwe kwenye mkondo wa kasi. Kamba ikikaza, nyuma ya boti huzama. Waachie wavuvi wa miguu nafasi, pita nyuma ya migongo yao panapowezekana.

Baada ya siku

Ondoa tope na majani yote kwenye viatu, wavu na boti, mwaga maji yote, kausha kabisa kabla ya kugusa mto mwingine. Mwaka 2016 vibuu vya kome vamizi viligunduliwa katika ziwa la bwawa la Tiber, humohumo Montana, na boti yoyote inayokuta kituo cha ukaguzi barabarani lazima isimame. Viatu ndivyo vinavyochelewa kukauka. Toa soli za ndani, vitundike vikitazama chini, usiviweke garini vikiwa vimelowa.